Kauri za spektrometa ya masi zinasumbua? Pitia hapa kabla hujaagiza nyingine

Watu wengi wakiona spektrometa ya masi, ile mashine ya kupima uzito wa molekuli za sampuli, imeanza kupiga cheche au voltiji haishiki, wanakimbilia kuagiza kauri mpya, na kauri za mashine hizi siyo kitu cha kupita dukani ukachukua, unaweza kukaa wiki na wiki unasubiri mzigo huku sampuli zinarundikana kwenye friji. Nimekaa na LC-MS (spektrometa inayolishwa sampuli ya kimiminika) na GC-MS (inayolishwa sampuli ya gesi) miaka ya kutosha na nakwambia ukweli, kauri nyingi nilizoona zikitupwa zilikuwa nzima kabisa. Zilikuwa chafu, au zimeshika unyevu, au zimefungwa vibaya. Na zile zilizopasuka kweli, nyingi hazikupasukia kwenye kazi, zilipasukia mezani wakati mtu anazisafisha au anazikaza. Ndo maana naandika hivi, mtu apate njia ya kujua ugonjwa ni upi kabla hajatoa hela.

Kwanza tuelewane ni vitu gani. Kauri, au seramiki kama wengi tunavyosema maabara, ni zile pete, bushi na vijiti vyeupe vinavyokaa kati ya chuma na chuma pale ambapo vyuma viwili vina voltiji tofauti na havitakiwi kugusana. Kwenye LC-MS utaikuta inashikilia plati yenye lile tundu dogo la kuingilia ioni (chembe za sampuli zenye chaji), yaani mpakani kabisa pale hewa ya chumba inapokutana na vakyumu, sehemu iliyonyonywa hewa, na utaikuta pia kwenye hita. Kwenye GC-MS ziko bushi za ripela (plati inayosukuma ioni nje ya chanzo), kitako cha filamenti (waya wa moto unaotoa elektroni), na shingo ndogo za zile pini zinazopitisha umeme ukutani kuingia ndani ya vakyumu. Kuna na kola zinazoshika fimbo za kwadrupoli, zile fimbo nne zinazochuja ioni kwa masi, hizo usiziguse, hata kwa kuangalia tu usilegeze skrubu yake, maana nafasi kati ya fimbo ilipimwa kiwandani kwa usahihi ambao wewe mezani huna kifaa cha kuurudisha.

Nyingi ni alumina, yaani oksidi ya alumini. Ni ngumu kuliko chuma cha pua, haiyeyuki mpaka ipite 2000 °C, na ikiwa safi na kavu umeme haupiti. Kazi yake ni tatu tu: izuie umeme, izuie hewa, ivumilie joto. Kwa hiyo na magonjwa yake ni matatu, umeme kuvuja, hewa kuvuja, na mambo ya joto, na kila moja lina dalili zake ukiwa na subira ya kuziangalia.

Anza kwa kuuliza tatizo linakuja saa ngapi

Hili swali ndo linaniokolea muda kuliko kifaa chochote. Kama asubuhi mashine inasumbua afu kufika saa sita mchana imetulia yenyewe, huo ni unyevu, joto limeukausha. Kama ikiwa baridi iko sawa lakini ikishapata moto inaanza vituko, fikiria ufa unaofunguka, skrubu inayolegea, au hita yenyewe. Kama hali imekuwa ikishuka pole pole wiki kwa wiki, kila siku kidogo, ni uchafu unaojijenga juu ya kauri. Na kama limeanza siku ileile au kesho yake baada ya servisi, usitafute mbali, kuna mkono wa mtu, kitu kimefungwa kinyume au kimekwaruzwa au kimepasuliwa.

Andika majibu kabla hujafungua chochote. Ukishafungua, hewa ikaingia, mashine ikapoa, ule ushahidi umepotea.

Na usalama kidogo hapa, siyo wa kupamba: zima voltiji kubwa, zima umeme wenyewe, subiri. Chanzo cha ioni, yaani sehemu ioni zinapotengenezwa, kiache kishuke chini ya 100 °C kabla hujafungua. Kauri ikiwa na moto wa 300 °C haibadiliki rangi, ni nyeupe vilevile, utaishika ukidhani imepoa.

Cheche, au voltiji inapanda afu inaanguka (LC-MS)

Dalili: unaweka 4500 V, programu inaonyesha inapanda, inafika 3000 inaanguka, au inafika lakini mkondo wa chanzo uko juu kuliko kawaida. Saa ingine unasikia tik, tik, tik. Kwenye kromatogramu, ile grafu ya signali kwa muda, unaona signali inakatika kama mtu anawasha na kuzima.

Kabla ya kulaumu kauri angalia spreyi yenyewe kwanza, ule mnyunyizo wa sampuli kwenye ncha ya sindano. Ukiwa kwenye modi hasi (unafuatilia ioni zenye chaji hasi) na maji mengi kwenye mobail fezi (kimiminika kinachobeba sampuli), ncha ya sindano inaweza kutoa cheche yenyewe bila kauri kuhusika kabisa. Zima mtiririko, acha gesi, weka voltiji. Ikiwa cheche imepotea, tatizo ni spreyi, shusha voltiji au sogeza sindano. Ikiwa ipo vilevile bila tone la maji, sasa njoo kwenye kauri.

Umeme huwa hauvuji katikati ya kauri, unatambaa juu ya uso wake. Chumvi za bafa (zile zinazowekwa kwenye mobail fezi kushika pH), mafuta ya sampuli, kaboni, alama ya kidole, vyote vinatengeneza njia. Hebu piga hesabu ndogo: kauri safi inatakiwa ikupe ukinzani mkubwa mpaka mita nyingi zinashindwa kuusoma, sasa tuseme uchafu umeushusha hadi MΩ 100 (megaohm, yaani ohm milioni 100). Ukiweka 5000 V, zinavuja mikroampia 50. Spreyi yenyewe ikifanya kazi vizuri mara nyingi haifiki hata mikroampia 1. Yaani uvujaji ni mara hamsini ya kitu unachojaribu kukitengeneza, hapo chanzo cha umeme kinachoka, voltiji inaanguka, na wewe unaona mashine ni mbovu.

Ndo maana multimita ya kawaida inadanganya hapa. Inapima kwa volti chache tu, nyingi zinaishia MΩ 40 au 60, zikipita hapo zinaandika wazi, yaani hakuna njia ya umeme, na wewe unaridhika. Tumia mega, kile kipima insulesheni cha mafundi umeme cha 500 V au 1000 V, LAKINI kauri iwe imetolewa nje kabisa ya mashine, iko peke yake mezani na vyuma vyake viwili. Ukiipiga mega ikiwa bado imeunganishwa na bodi za elektroniki utaua bodi, na bodi ni ghali kuliko kauri mara nyingi sana.

Nina kisa cha hii kitu. Mashine ilikuwa ya kupima aflatoksini, sumu ya kuvu, kwenye mahindi, maabara iko pwani, na aflatoksini B1 unaifuatilia kwenye m/z (masi ya ioni kwa chaji yake) 313 kwenda 285 na 241, vyote vikaanza kutetereka kwa pamoja. Nikatoa pete ya kauri, nikaiosha kwa methanoli, nikaikausha, nikairudisha. Cheche palepale. Nikatoa tena, nikaosha maji, methanoli, asetoni, nikaioka. Cheche palepale, na sauti ileile. Mara ya tatu nikaipeleka dirishani kwenye mwanga wa jua, nikaigeuza geuza pole pole, ndo nikaona: mstari wa kijivu, mwembamba kama umechorwa na penseli iliyochongwa vizuri, unaanzia ukingo wa ndani unaishia ukingo wa nje. Ulikuwa ni chuma. Alumina ni ngumu kuliko kibano cha chuma, kwa hiyo ukiivuta kwa kibano, kauri haikwaruziki, kinachokwaruzika ni kibano, na unga wa chuma unabaki juu ya kauri kama risasi ya penseli kwenye karatasi. Nilikuwa nimechora waya kwa mkono wangu na nikaurudisha ndani ya mashine mara mbili. Methanoli haiondoi chuma hata uoshe mwezi mzima.

Kuanzia siku hiyo kibano changu cha kauri ni cha plastiki au nashika kwa glavu. Ule mstari niliutoa kwa unga laini wa alumina uliolowekwa maji, nikasugua kwa pamba ya kijiti mpaka ukaisha, nikaosha unga wote kwa maji mengi, afu methanoli, afu nikaoka. Mega kabla ilikuwa inasoma MΩ kama 20 hivi, baada ya hapo sindano haikuondoka mwisho wa skeli.

Kama unachokiona siyo kijivu bali ni mti mweusi, matawi matawi kama mzizi, hiyo ni njia ya kaboni, cheche imeshaunguza uchafu pale. Kwenye alumina tupu inaweza kutoka kwa kusugua au kwa kuoka kwenye tanuru. Ikiwa imechimba mpaka ukipitisha ukucha unakwama, badilisha, hapo cheche itarudi tu.

Asubuhi mbaya, mchana nzuri

Hii ni ya kwetu hasa, wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, na yeyote anayeishi na unyevu wa bahari. Umeme umekatika usiku, jenereta ya naitrojeni imesimama, ile gesi kavu iliyokuwa inapuliza mbele ya tundu haipo tena, hewa ya chumba yenye maji inaingia na kukaa juu ya kauri ambayo tayari ina chumvi kidogo. Chumvi kavu haina shida sana, ila chumvi ikinyonya maji inapitisha umeme. Asubuhi umeme umerudi, unawasha, cheche.

Usifungue. Washa gesi, washa hita, voltiji kubwa iache IMEZIMWA, kaa saa mbili tatu. Ikitulia yenyewe umeshajua ni unyevu, lakini ujue pia kuna chumvi chini yake, kauri safi haisumbuki hivyo kwa unyevu wa usiku mmoja, kwa hiyo panga kuiosha wiki hiyohiyo. Na uoshe kwa maji kwanza, maana watu wanakimbilia methanoli na asetoni wakati chumvi za bafa zinayeyuka kwenye maji, ukianza na asetoni unazigandisha tu pale.

Voltiji inaanguka pampu ikiwa bado inavuta

Hii inawachanganya wengi sana. Mashine imefunguliwa, imefungwa, pampu zinavuta, mtu hana subira anawasha voltiji za lenzi (plati za chuma zinazoelekeza ioni), anaona zinaanguka, wengine wanaona na mwanga wa zambarau kupitia kidirisha, anasema kauri imekufa. Haijafa. Hewa yenyewe ndo inapitisha umeme.

Ni hivi, kwenye hewa ya kawaida unahitaji karibu 3000 V kuvuka milimita moja. Ungedhani ukipunguza hewa inakuwa salama zaidi, lakini katikati kuna bonde: ukizidisha presha kwa umbali, ukifika karibu Torr 0.6 mara sentimita (Torr ni kipimo cha presha, hewa ya kawaida ni Torr 760), hewa inavunjika kwa volti kama 330 tu. Sasa chukua nafasi ya milimita 3 kati ya plati mbili na presha ya Torr 2, umeangukia humohumo bondeni. Na Torr 1 mpaka 3 ndo presha ya kawaida ya chumba cha kwanza nyuma ya tundu kwenye LC-MS nyingi. Kwa hiyo wabunifu wamehesabu voltiji za hapo wakijua hilo, lakini wakati mashine inavuta kutoka hewa ya kawaida, sehemu zote, hata zile za ndani zenye voltiji kubwa, zinapita kwenye hilo bonde. Subiri vakyumu ifike kwenye namba yake ya kila siku ndo uwashe.

Na kama presha iko sawa kila siku ila leo mwanga umetokea, basi angalia presha kwanza kabla ya kauri. Pampu ya mafuta ikichoka chumba cha kwanza kinapanda, voltiji zilezile zilizokuwa salama zinakuwa siyo salama tena.

Ripela inapanda mpaka mwisho, uwezo wa kuona sampuli ndogo umeshuka (GC-MS)

Ukitune, yaani ukirekebisha mashine, kwa PFTBA (kemikali ya kupimia mashine) unaangalia m/z 69, 219 na 502. Ukiona tune inapandisha ripela mpaka kikomo na bado 502 imedhoofika, kwa kawaida chanzo ni kichafu, chuma chake kabisa, na kauri ni wa pili kwenye mstari. Lakini kama umesafisha chuma kikang'aa na bado, geukia bushi.

Toa chanzo, chukua multimita, hapa inatosha kwa kuanzia: ripela na mwili wa chanzo isome wazi kabisa. Miguu miwili ya filamenti kati yake isome ukinzani mdogo sana, na kila mguu na mwili isome wazi. Kama kuna usomaji wowote pale panapotakiwa pawe wazi, hata MΩ 5, bushi ina njia juu yake.

Kitu cha kuangalia kwa macho ni rangi. Kahawia ya chai ni uchafu wa sampuli, inasafishika. Kijivu kinachong'aa kama kioo, hasa upande unaotazama filamenti, hicho ni chuma cha filamenti chenyewe, kinapata moto mkali kwa miezi, kinatoka kidogo kidogo na kujipaka kwenye kila kilicho karibu. Solventi haikitoi. Kwenye kitako cha filamenti hakuna cha kusafisha, badilisha filamenti nzima. Kwenye bushi unaweza kusugua, lakini bushi za ripela ni ndogo na siyo ghali kama pete za LC-MS, mimi naweka seti moja ya akiba droo na nashauri na wewe uweke.

Ukifunga nati ya ripela, ikaze kwa vidole tu, afu kidogo sana na kifaa. Nimeona bushi nyingi za kauri zilizopasuka nusu kwa nusu kwa nati hii moja.

Signali inateleza, afu inarudi ukiipumzisha

Unaanza na signali nzuri, dakika kumi imeshuka, unasimamisha mashine nusu saa, unarudi, signali nzuri tena, dakika kumi imeshuka. Au kila ukibadilisha polariti, chanya kwenda hasi au hasi kwenda chanya, inachukua muda kutulia. Hapa kauri haivujishi umeme, inaushika. Ioni zinaangukia kwenye kitu kisichopitisha umeme, hazina pa kwenda, zinajilundika, na lile lundo linasukuma ioni zinazokuja nyuma zitoke njiani.

Mashine iliyobuniwa vizuri kauri zake zimefichwa, ioni haziioni. Kwa hiyo ukikuta hili limeanza baada ya servisi, kuna pete imegeuzwa, ule ukingo wa chuma unaoificha umekaa upande wa pili. Linganisha na picha uliyopiga kabla ya kufungua (kama hukupiga, safari ijayo piga, simu unayo mfukoni). Ikiwa limekuja pole pole bila mtu kugusa, basi siyo kauri kabisa, ni utando wa uchafu juu ya lenzi ya chuma ambao nao haupitishi umeme, na unafanya tabia ileile. Safisha chuma kwanza.

Hewa inaingia

Kwenye GC-MS hii ni rahisi kupima. Skani kuanzia m/z 10 mpaka 50 uangalie 18 (maji), 28 (naitrojeni), 32 (oksijeni) na 40 (argoni). Ikiwa 18 iko juu na 28 na 32 ziko chini, ni maji tu, umetoka kufungua, subiri usiku mmoja. Ikiwa 28 imeizidi 18 na 32 inaifuata ikiwa karibu robo yake, hiyo ni hewa, maana hewa ina naitrojeni 78% na oksijeni 21%, na ukichungulia vizuri utaona na argoni kwenye 40 kidogo.

Sasa kabla hujasema ni kauri ya pini imepasuka, kwa kweli nati ya kolamu (ule mrija mwembamba wa GC) na feruli yake, kipete cha kuziba hewa chini ya nati, ndo wa kulaumiwa mara nyingi zaidi, feruli mpya zinasinyaa zikishapata moto mara kadhaa na nati inalegea. Afu oringi ya mlango, unywele mmoja unatosha. Kauri za pini ni wa mwisho kabisa kwenye orodha yangu.

Kutafuta: fungua argoni kidogo, mpira mwembamba, fuatilia 40 kwenye skrini. Argoni ni nzito inashuka, kwa hiyo anzia chini upande juu, ukianzia juu itamwagikia maungio yote ya chini na utashindwa kujua ni lipi. Peleka pole pole, kila sehemu sekunde kadhaa. Wapo wanaotumia asetoni na kuangalia 43 na 58, inafanya kazi, lakini karibu na njia ya kolamu yenye 280 °C mimi siitumii na sitaki uitumie, asetoni inashika moto.

Ikiwa 40 imeruka ulipopuliza kwenye kiunganishi cha waya, hapo sasa ni kauri. Ile shingo imeunganishwa na chuma kwa kulehemiwa, na chanzo cha ufa ni karibu kila mara mtu kuvuta plagi kwa pembeni badala ya kuivuta wima. Hiyo haitengenezeki mezani, unabadilisha kipande kizima. Kama mzigo haujafika na kazi inabana, epoksi ya vakyumu kwa nje, ikauke vizuri, inaweza kukuvusha, mradi sehemu hiyo siyo ya moto. Silikoni ya bomba usipake, inatoa mvuke wake na utaanza kuona 73, 147, 207 kwenye kila kromatogramu.

Hita haipandi, au inaangusha breka

Breka ya kumkinga mtu asipigwe shoti inaanguka mara tu ukiwasha hita, hasa baada ya mashine kukaa imezimwa wiki kadhaa? Unga ulio ndani ya hita umenyonya unyevu. Siyo lazima imekufa. Itoe, ioke 110 au 120 °C kwa masaa, pima tena kwa mega kati ya waya na ganda. Nyingi zinarudi.

Kama haipandi kabisa pima ukinzani. Hesabu ni volti mara volti gawanya kwa wati: hita ya 24 V na 50 W inatakiwa ikupe karibu ohm 11.5, ile ya 230 V na 200 W karibu ohm 265. Ikiwa wazi, imekatika. Ikiwa sawa, pima sensa ya joto, kama ni Pt100 (ile ya platini yenye ohm 100 kwenye 0 °C) kwenye chumba cha 25 °C unatakiwa upate karibu ohm 109.7. Mara nyingi hita ni nzima, sensa ni nzima, ila kauri imepasuka au imelegea ndani ya bloku lake la chuma na joto haliendi linapotakiwa, unaona inapanda kwa kusuasua afu inapitiliza.

Kuosha, kupima ufa na kufunga

Maji safi, afu methanoli, afu asetoni, dakika kumi kumi kwenye sonikata (beseni la kuoshea kwa mitetemo ya sauti), kila kipande chombo chake, kauri zikigongana humo ndani zinamegeka kingo. Kama ni boroni naitraidi, ile laini inayoteleza kama unga wa talki, usiisonikate, inameguka na inanyonya maji. Alumina tupu isiyolehemiwa chuma wala haina gundi unaweza kuitia tanuru, 450 hadi 500 °C, kaboni inaungua yote inatoka nyeupe, ila panda pole pole na iache ipoe humohumo mpaka kesho. Alumina ikishtuliwa kwa tofauti ya karibu 200 °C kwa ghafla inapasuka, na hii ndo sababu usipangusie plati yenye moto kwa kitambaa cha methanoli baridi, hata kama umeona mtu anafanya na hakikutokea kitu.

Na kauri ya mashine ya zamani usiyoijua imetengenezwa na nini, usiipige msasa wala kuisaga. Baadhi ya vifaa vya zamani vya elektroniki vina oksidi ya berili, na vumbi lake linaua mapafu.

Ufa unaupataje? Fanya kama mama anayenunua chungu sokoni. Ining'inize kwa uzi au iweke kwenye ncha ya kidole, igonge kwa ukucha. Nzima inalia, ting, sauti inabaki. Yenye ufa inajibu tok, imekufa. Njia ya pili, dondoshea methanoli uiangalie ikikauka kwenye mwanga wa pembeni, uso unakauka haraka ila ufa unabaki mstari mweusi sekunde chache zaidi.

Sasa kufunga, na hapa ndo ninapoomba watu wanisikilize. Chuma cha pua kinatanuka karibu mara mbili ya alumina. Chukua skrubu ya milimita 25 inayobana kauri, ipandishe kutoka 25 mpaka 230 °C: chuma kinarefuka karibu milimita 0.087, kauri 0.041. Kwa hiyo ikiwa moto skrubu inalegea kidogo, ni kawaida. Mtu akiikuta imelegea akaikaza ikiwa bado ya moto, ikipoa skrubu inarudi fupi na kauri haina pa kwenda, inabanwa kwa karibu milimita 0.05 isiyokuwepo. Kesho asubuhi unakuta ufa na hakuna aliyeigusa usiku. Kaza ikiwa baridi, kwa mzunguko wa kupishana, robo robo, na kama kitabu cha mashine kimetoa namba ya toki, yaani nguvu ya kukazia, ifuate hiyo. Kama kuna wosha ya springi ilikuwepo, irudishe, haikuwekwa pale kwa urembo.

Ukishafunga, vuta vakyumu mpaka namba yako ya kawaida, washa gesi na hita kwanza, acha usiku mzima. Voltiji kubwa asubuhi, panda hatua hatua za 500 V huku ukiangalia mkondo, dakika moja moja kila hatua. Andika kwenye daftari la mashine usomaji wa mega ulioupata mezani, presha ya kila geji, na mkondo kwenye kila hatua, pamoja na tarehe, na karatasi moja ibandike ndani ya mlango wa mashine kwa ajili ya atakayefungua baada yako.